Wiki Niliyomtafutia Shangazi Myrtle Makao

Jumatatu, 5 Mei

Nimekabidhiwa jukumu zito. Sawa, sijakabidhiwa. Nimelitwaa.

Wiki jana Shangazi Myrtle alianguka bafuni kwake hapa Kadina, mji wetu mdogo wa Australia Kusini. Mifupa ilisalimika, lakini alilala sakafuni usiku kucha, mpaka mpeleka barua alipomsikia akigonga bomba kwa mswaki. Leo daktari wa hospitali ya Wallaroo alituita, mimi na dada yangu Coralie, akatuambia bila kuzunguka: Shangazi hawezi tena kuishi peke yake. Tumtafutie makao ya wazee, na tusikawie, kwa sababu kitanda kinahitajika.

Shangazi mwenyewe alikuwa hapo hapo, ameegemea mito, anasikiliza. Ana miaka themanini na saba. Ujanani alikuwa opereta wa simu, enzi za kuchomeka nyaya, na mpaka leo anasikiliza kwa namna inayomfanya mtu ajute alichowahi kumwambia mchumba wake kwenye laini. Mama yetu alikufa tukiwa wadogo. Yeye ndiye aliyetuogesha, akatuchapa, akatusomesha. Nilipoona mkono wake juu ya shuka, mwembamba na una alama za sindano, nilitoka nikajifanya natafuta choo.

Niliporudi Coralie alikuwa tayari ameshatoa simu yake. Keshasoma nyota! Serikali inayapa makao nyota, kuanzia moja hadi tano. Saltbush Court, yale mapya ya njia ya Moonta, yana nyota nne. Mtakatifu Petrok, yale ya zamani karibu na maghala ya nafaka, yana tatu. Kwa hiyo kazi imekwisha, akasema. Nne ni zaidi ya tatu, hata wewe, Lyndon, hesabu hiyo unaiweza.

Nikamwambia nyota ni za hoteli na makapteni. Makao hupimwa kwa macho na pua. Akasema pua hiyo hiyo ndiyo iliyoninunulia mashua yenye tundu.

Shangazi akauliza kama yupo mtu mwenye nia ya kumwuliza yeye anataka nini. Nikambusu kipaji cha uso nikamwambia asihangaike. Hiyo ndiyo kazi niliyojitwika. Alale.

Jumanne, 6 Mei

Saltbush Court. Nilifika bila miadi ili niwakute jinsi walivyo. Walikuwa vizuri. Hilo tu likanitia shaka.

Mlangoni kuna tangi la samaki kubwa kuliko jiko letu. Samaki wana huzuni. Nimeandika hilo. Hewa inanukia maua ya lavenda. Mtu anayepuliza harufu anaficha harufu. Nimeandika hilo pia.

Msimamizi, Bibi Hartigan, ana tabasamu lisiloshuka hata anapokohoa. Nikamwuliza ghafla, jicho kwa jicho, kama kuna watu wanaofia humo ndani. Akasema ndiyo, wengi wao wana miaka tisini na kitu. Angalau hakukana.

Sebule kubwa, tupu. Televisheni ilikuwa inavisimulia viti habari za hali ya hewa. Nikauliza wenyewe wako wapi. Vyumbani, akasema, kila mtu na utulivu wake.

Simu yake ikalia. Nafasi ndiyo hiyo! Nikachepuka korido, nikafungua mlango wa kwanza, nikajilaza kitandani kupima godoro. Godoro bora. Lina kina, halina kelele. Nilikuwa nimeshafumba macho ili nilipime vizuri zaidi, mlango wa bafu ukafunguka, akatoka bibi mmoja ana mswaki mdomoni. Akanitazama. Akautoa mswaki. Akasema, "Umechelewa miaka thelathini, mpenzi, na hata maua hukuleta."

Bibi Hartigan alinisindikiza mpaka kwenye gari. Tabasamu lilikuwa bado lipo ila limehamia upande mmoja.

Jioni Coralie akapiga simu. Ameshapata habari, mji huu! Ameniomba niache kulala kwenye vitanda vya wanawake wa watu mpaka Shangazi apate nafasi.

Sitaacha. Yaani kuchunguza.

Jumatano, 7 Mei

Leo Mtakatifu Petrok, na leo kwa akili. Mgeni huonyeshwa anachotakiwa kuona. Mkazi huona kila kitu. Basi nitaingia kama mkazi!

Nimevaa sweta la marehemu baba, lile lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, na ndara za manyoya. Fimbo. Mgongo nimeupinda. Simu nimeiacha nyumbani, kwa sababu wazee wa rika la baba hawatembei na simu. Mke wangu Raelene aliniangalia tangu kichwani hadi kwenye ndara, akasema hataki kujua kitu, ila sweta halikuwa la lazima, sura peke yake ingetosha. Nina miaka sitini na mitatu tu.

Mambo yalianza vizuri mno. Basi dogo lilikuwa linawarudisha wazee kutoka kutazama bahari. Nikajichanganya nao. Mlangoni muuguzi mmoja, Marivic, binti wa Kifilipino mwenye mkono kama koleo, akanishika kiwiko akaniuliza jina. Nikatoa la kwanza lililonijia. Nikasema naitwa Penrose.

Akafurahi! Akasema, karibu, Bwana Penrose, tumekungoja tangu asubuhi.

Kumbe Bwana Penrose yupo. Bwana Penrose wa Maitland alikuwa anakuja leo leo kukaa wiki mbili, binti yake apumzike, na gari la binti lilipasuka tairi njiani. Mimi ningejuaje?

Wakanipima uzito. Wakanivua ndara, wakazitazama kucha zangu, wakasikitika, wakazikata. Saa ya chakula wenzangu wote walipewa mguu wa kondoo wa kuoka na mchuzi. Mimi nikapewa malenge ya kusaga kwenye bakuli, kwa sababu Penrose humeza kwa shida. Harufu ya yule kondoo! Nikanyoosha uma kwenye sahani ya jirani. Jirani akanichoma mkono na wake. Mama wa miaka zaidi ya tisini, shingo kama ya ndege, jina lake Dulcie Pengilly. Akaitangazia meza nzima kwamba mgeni ni mwizi.

Nikaona uchunguzi umetosha. Nikaenda mlangoni. Mlango una namba za siri. Nikamwita Marivic pembeni nikamweleza ukweli, kwa sauti ya chini, mtu mzima kwa mtu mzima: mimi si mkazi, nimekuja kwa siri kukagua makao yao.

"Ndiyo, babu," akasema. "Mwezi uliopita tulikuwa na amirali. Njoo unywe chai."

Babu!

Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuwa mpole. Nikapandisha sauti. Akaniletea blanketi la magoti. Nikaomba simu, akanipa bila kinyongo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba namba ninayoikumbuka kichwani ni moja tu duniani, ya nyumba tuliyokulia. Anayeishi humo ni Coralie.

Alikuja. Hakukimbia. Alisimama mlangoni akanitazama nikiwa na blanketi, malenge kidevuni, kisha akamwuliza Marivic kama kwa watu wa aina yangu wana nafasi ya kudumu.

Alhamisi, 8 Mei

Sikulala vizuri. Kucha, hata hivyo, zimekatwa vizuri.

Leo kituko cha ajabu. Coralie amegeuka! Amekuja asubuhi na mapema kusema kwamba ameyatupilia mbali mambo ya nyota. Sasa anataka Mtakatifu Petrok. Hoja zake: walimpokea mtu asiye wao wakamlisha, wakamfunika, wakamkata kucha, na hawakumruhusu atoke mlangoni kwa sababu tu amesema yeye ni mtu mkubwa. Kama wamekuvumilia wewe kutwa nzima, akasema, Shangazi watamfanya malkia.

Nikamwambia hizo ndizo hoja zangu za kuyakataa! Makao yasiyoweza kumtofautisha Penrose na mimi, Lyndon Trevorrow! Yanayomnyima mtu mwenye meno yake kondoo! Nikaifikiria upya Saltbush kwa haki, bila kinyongo. Lile godoro. Ule usafi. Wale samaki, ukiwatazama kwa makini, hawana huzuni. Ni watulivu.

Kwa hiyo sasa mimi ni Saltbush na yeye ni Petrok. Raelene, aliyekuwa anaanika nguo, aliuliza kama tunajua kwamba tumebadilishana tu viti. Nikamwambia si hivyo hata kidogo. Mimi nimefika kwa uchunguzi, Coralie kwa ukaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Shangazi ameomba gauni lake la kulalia la bluu, miwani ya kusomea na kitana. Nimeenda nyumbani kwake kuvichukua.

Sikuwa nimeingia mle tangu siku ile. Taulo bado liko sakafuni bafuni. Limekaukia pale pale. Hakuna mtu aliyeliokota, si mimi, si Coralie, kila mmoja alidhani mwenzake ameliokota.

Nikaona, kama mchunguzi, lazima nijue alichokiona. Nikalala chini, kichwa upande wa beseni. Vigae baridi. Kutoka pale unaona chini ya beseni, bomba, na utando mmoja wa buibui. Basi. Hakuna kingine. Dirisha liko juu mno.

Nilipotaka kuinuka mgongo ukakataa.

Sikuogopa mwanzoni. Nikaita. Kutoka kwa jirani nilisikia redio, nikasikia mtu akicheka, mlango wa gari, mbwa. Nikaita kwa nguvu zaidi. Nilikuwa nawasikia wote, vizuri kabisa. Wao hawakunisikia. Ukiwa pale chini unaanza kujiuliza ni nani atakayesema leo sijamwona, na lini. Nilihesabu watu. Niliishia kwa Raelene, na Raelene alijua nimekwenda kwa Shangazi, angedhani nimebaki kutengeneza kitu.

Nilifikiri kuhusu mswaki. Yeye alijua kuutumia. Mimi nilikuwa naita tu kama mjinga.

Raelene alikuja jioni kwa sababu nilikuwa nimeondoka na funguo zake. Alinikuta, akakaa chini kwenye vigae, akaushika mkono wangu mpaka mgongo ulipolegea. Hakuniuliza nafanya nini pale. Nikaliokota taulo mwenyewe.

Njiani kurudi Raelene ndiye aliyeendesha. Nikafikiri sana. Hatimaye nimepata hitimisho, na sijui kwa nini hakuna aliyeliona kabla yangu.

Zulia. Saltbush wana zulia mpaka bafuni. Petrok wana vigae.

Jumamosi, 10 Mei

Mgongo bado. Nia haijapinda.

Coralie hawezi kushindwa kwa maneno. Anahitaji ushahidi kutoka ndani ya Petrok. Nikakumbuka pale mezani alikuwepo mzee mmoja, Horace Angwin, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye maghala ya nafaka, masikio kama milango ya gari. Mtu anayeona mambo. Nikanunua pasti mbili za moto za nyama na viazi, nikaenda safari hii kwa jina langu. Marivic alifungua mlango akasema, "Karibu, Bwana Mkaguzi." Nikampita.

Horace nilimkuta uani, juani. Nikamsukumia mfuko. Nikamwomba aniambie ukweli wote, hata kama unatisha. Alikula pasti ya kwanza yote bila kusema neno. Alipoianza ya pili ulimi ukamfunguka. Jamani! Uji una mabonge. Chai ni ya juzi. Usiku ukipiga kengele anakuja paka. Mpishi alifukuzwa jela. Nikamwuliza alifukuzwaje jela. Akafikiri, akasema kwa sababu ya upishi wake.

Niliandika mpaka kalamu ikakwama. Akanishika mkono nilipokuwa naondoka, akasema mabaya zaidi bado hajayasema, na kwamba kesho atakuwa na nguvu ya kuyasema ikiwa pasti itakuwa na vitunguu vingi.

Coralie amekwisha.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Mama. Petrok imejaa watu na maua meupe, watoto wa watoto wanakimbizana na vigari vya kutembelea. Nimefika na pasti tatu, zenye vitunguu. Nikazunguka nyumba kuelekea uani.

Horace alikuwa amekaa pale pale juani. Kando yake Coralie, ana bakuli la skoni, vile vimkate vya chai, pamoja na jemu na malai. Na Horace anamwambia, mdomo mweupe kwa malai, kwamba uji wa hapa ni laini kama hariri, chai huchemshwa ukiwa unaangalia, na usiku hata ukiguna tu usingizini wauguzi wanakuja mbio.

Nikapiga kelele, msaliti!

Horace alinitazama, akautazama mfuko, akauliza kama ni ya vitunguu.

Kumbe tangu Alhamisi Coralie anamletea skoni ili apate ushahidi dhidi yangu! Tukaanza kurushiana maneno juu ya kichwa chake. Nikamwambia Coralie ni jambo la aibu kumhonga mzee wa watu kwa skoni. Akaniuliza pasti ni nini basi, sala? Nikamgeukia Horace nikamwuliza ukweli ni upi. Akasema amekaa kwenye maghala miaka arobaini, wakulima wanamwambia ngano yao ni bora na wanunuzi wanamwambia ni takataka, naye alijifunza kumpa kila mtu jibu alilokuja nalo.

Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini, akiiangalia skoni yake. Akasema watoto wake wako Perth, ng'ambo ya pili ya nchi. Akasema kwamba wiki hii amekuwa na wageni kuliko mwaka mzima uliopita, kwa hiyo kama bado hatujaamua, yeye hana haraka.

Coralie akaweka bakuli chini. Sote wawili tukakaa. Tulikula pasti na skoni pale juani, watu watatu, mpaka jua likahama. Ilikuwa siku nzuri, sitaki kusema uongo. Hatukupatana katika jambo lolote.

Jumatatu, 12 Mei

Hospitali. Daktari anataka jibu leo. Mimi na Coralie tumeingia pamoja, kila mtu na karatasi zake. Nilikuwa nimekubaliana na nafsi yangu kwamba nianze na zulia.

Shangazi akainua mkono. Mkono ule ule mwembamba, lakini tulinyamaza kama tulivyonyamaza tukiwa na miaka saba. Akasema ameshaamua. Anaenda Mtakatifu Petrok, nafasi ameshaizungumza mwenyewe, na tufunge midomo inzi wasiingie.

Tukauliza, vipi? Hajatoka kitandani!

Akaonyesha simu ya mezani kando ya kitanda. Akasema watu wamesahau kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Jana, saa ya kifungua kinywa, wakati kila mtu ana shughuli, alipiga Saltbush. Akamwuliza aliyepokea: Nettie Rowett, niliyekuwa naimba naye kanisani, amekula nini leo? Sauti ikasema subiri, ikamwunganisha kwingine. Muziki. Sauti ya pili ikaomba tarehe ya kuzaliwa ya Nettie. Muziki. Sauti ya tatu ikasema taarifa zitakuwepo ofisi ikifunguliwa. Wote walikuwa na adabu sana, Shangazi akasema. Hakuna aliyekuwa anamjua Nettie.

Kisha akapiga Petrok. Simu ililia mpaka akataka kukata. Mwishowe akapokea mpishi, anahema. Shangazi akamwuliza, Dulcie Pengilly amekula nini leo?

Mpishi akasema, "Usinikumbushe! Uji ameurudisha mara mbili, kasema una mabonge. Halafu kaiba ndizi ya Horace, na sasa wamenuniana, na mimi ndiye nitakayewapatanisha. Wewe ni nani, mpenzi?"

Shangazi alicheka alipokuwa anatusimulia, mpaka akashika mbavu. Coralie akamkumbusha kwa upole kwamba yeye na Dulcie Pengilly hawajasalimiana tangu fainali ya klabu ya kuviringisha matufe nyasini, Dulcie alipousogeza ule mpira mweupe wa kulengea kwa ncha ya kiatu.

Ndiyo, akasema Shangazi. Hasa.

Kisha akaacha kucheka. Akasema kuanguka hakukuuma sana. Kilichomuuma ni kulala pale na kuanza kupiga hesabu, nani atamkosa na lini, na kuona kwamba hesabu inafika Ijumaa. "Rafiki hukupa nafasi," akasema. "Husema labda amelala, tumwache. Adui hakuachi. Nisipotokea mezani asubuhi moja, Dulcie atakuwa wa kwanza kuuliza niko wapi, maana atataka kujua kama ameshinda."

Coralie akalia waziwazi, pua nyekundu. Mimi nilikuwa na kitu jichoni. Nikataka kumwambia Shangazi kwamba najua, kwamba nimepaona chini ya lile beseni, na buibui. Sikuweza. Nilimshika mguu juu ya blanketi. Akaniacha niushike. Akaniuliza kwa nini natembea kama kaa.

Daktari alipokuja nilimweleza kwamba familia imeafikiana na chaguo langu, yale makao niliyoyachunguza mwenyewe Jumatano.

Alhamisi, 15 Mei

Tumemhamisha. Chumba chake kinatazama maghala ya nafaka, na amesema afadhali, bahari haifanyi kitu, malori angalau yanakwenda mahali. Nimemtundikia picha ya babu na kioo. Kioo kimekaa upande. Coralie alisema kimekaa upande. Hakijakaa upande.

Wakati wa chakula cha mchana tulimsindikiza mpaka mezani. Dulcie Pengilly alikuwa tayari amekaa. Ukumbi wote ukageuka kutazama, hata Horace aliacha kutafuna. Shangazi akakisukuma kigari chake cha kutembelea mpaka kwenye kiti kinachotazamana naye. Akaketi. Akakunjua kitambaa.

Dulcie akamwambia, "Umezeeka, Myrtle."

Shangazi akamwambia, "Nawe bado unaiba ndizi."

Marivic alituambia twende zetu, maana hawa wawili watakuwa wanashughulika mpaka Krismasi. Nilipogeuka mlangoni Shangazi alikuwa amemwinamia mwenzake mezani, mashavu yana rangi, anamwonyesha kidole. Sijamwona hivyo tangu alipostaafu.

Coralie alinishika mkono tukielekea kwenye gari. Alisema tumefanya jambo jema. Nikamwambia asante, ingawa "tumefanya" ni neno pana.

Jumapili, 18 Mei

Nimekuwa na siku chache za kutafakari, nikiwa nimelala kifudifudi na chupa ya maji ya moto mgongoni. Nimeipitia wiki yote, hatua kwa hatua, bila kujipendelea. Hitimisho: mbinu ilikuwa sahihi. Nilichelewa kuanza, basi. Ukingoja mtu aanguke ndipo utafute, unatafuta kwa pupa, na kila mtu anataka kutoa maoni, mpaka mgonjwa mwenyewe.

Leo tulikula mchana kwa mama yake Raelene, Mama Nola, kule Port Broughton. Ana miaka themanini na mbili. Alikuwa juu ya ngazi anasafisha mifereji ya bati tulipofika, akashuka mbio mbio kutukaribisha, akachinja kuku, akamshinda Raelene tenisi ya meza mara mbili. Ana kila jino lake.

Nimemtazama kwa makini sana. Hajui bado kwamba anahitaji makao.

Sijamwambia Raelene. Mama Nola nimemwambia tu kwamba Jumanne nitapita kumchukua twende kula samaki. Makao ya kwanza yanatutarajia saa nne asubuhi.